Uzito wa Magitaa Katika Masikio ya Mwanakwaya

Nimeimba alto katika kwaya ya kanisa hapa Mbeya tangu nikiwa msichana, na redio ya nyumbani kwangu imezoea nyimbo za Mbaraka Mwinshehe na Marijani Rajabu. Kwa hiyo hakuna aliyetarajia, mimi mwenyewe nikiwa wa kwanza, kwamba ningefikia mahali pa kukaa jioni nzima nikisikiliza kwa hiari yangu magitaa yanayonguruma ya muziki wa metali. Sasa nimefika huko, na ninaupenda muziki huo kwa dhati. Naandika kueleza kilichonivuta, kwa sababu mazungumzo mengi niliyoyasikia huku kwetu juu yake huishia kwenye maneno mawili tu, kelele na ushetani, na maneno hayo hayamwelezi mtu ni kitu gani hasa sikio lake linakisikia wala kwa nini moyo wake unaitikia.

Aliyeuleta nyumbani ni mtoto wa marehemu dada yangu. Ni fundi wa redio na spika, ana kibanda chake Mwanjelwa, na tangu tulipomzika mama yake kule Tukuyu anaishi kwangu. Kazi zinazomzidi huja nazo nyumbani, na kila sabufa anayoifunga upya huijaribu kwa nyimbo za metali. Sababu yake ni ya kifundi kabisa: katika nyimbo hizo gitaa la besi, ngoma na magitaa mengine hujaza nafasi yote ya sauti kwa wakati mmoja, spika haipati pa kupumzika, na kama karatasi yake imechanika au koili imeanza kugusa, kasoro hujitokeza papo hapo. Jioni moja ya masika nilikuwa nikichambua maharage mezani, na sabufa iko chini ya meza hiyo hiyo. Wimbo ulipoanza, maharage yalitetemeka kwenye ungo, yale mepesi na makapi yakisogea taratibu kuelekea ukingoni, na mimi nikaihisi sauti kwenye viganja kabla sijaisikia vizuri masikioni.

"Mama mdogo, samahani, nipunguze?" aliniuliza.

"Hapana mwanangu," nikamwambia, "urudishe mwanzo."

Ulikuwa ni wimbo unaofungua albamu ya kwanza ya Black Sabbath, iliyotoka Uingereza tarehe 13 Februari 1970, nao unaitwa kwa jina la bendi yenyewe. Unaanza kwa mvua, ngurumo za radi na kengele inayolia kwa mbali, na kwa kuwa nasi mvua ilikuwa ikipiga mabati, kwa muda sikuweza kutenganisha mvua ya Mbeya na ile iliyorekodiwa. Kisha gitaa linaingia kwa noti tatu tu. Yeyote aliyefundishwa kuimba kwa sol-fa anaweza kuzifuata: do, halafu do ya juu, halafu fe. Fe tunaijua sote wanakwaya. Ni fa iliyopandishwa nusu sauti, na katika tenzi zetu huwa ni noti ya kupita, tunaigusa tukielekea so na kutua hapo kwa raha. Hawa hawaelekei so. Wanasimama juu ya fe, wanaitikisa, wanaiacha ining'inie, kisha wanarudi kwenye do na kuanza upya, polepole mno, bila dalili yoyote ya kutaka kufika. Mwalimu wetu wa kwaya angesema wimbo umekwama. Mimi nilisikia watu wanaokataa kuharakisha faraja.

Nilipotaka kujua sauti hiyo ya chini imetoka wapi, habari ilinipeleka kiwandani. Mpiga gitaa wa bendi hiyo, Tony Iommi, alikuwa na miaka 17 akifanya kazi katika kiwanda cha mabati mjini Birmingham, na katika siku yake ya mwisho kazini, akiwa ameamua kwenda kuishi kwa muziki, mashine ilimkata ncha za vidole viwili vya mkono wa kulia, cha kati na cha pete. Kwa kuwa ni mtu wa kushoto, hivyo ndivyo vidole vyake vya kubania nyuzi. Msimamizi wake wa kiwandani alimletea santuri ya Django Reinhardt, mpiga gitaa wa jazi ambaye mkono wake uliungua na akaendelea kupiga solo zake kwa vidole viwili. Iommi akayeyusha plastiki ya chupa ya sabuni ya kuoshea vyombo, akatengeneza vifuniko vya vidole, akavivika vipande vya ngozi na kutafuta nyuzi nyembamba zisizohitaji nguvu nyingi; na katika albamu ya tatu, ya mwaka 1971, akazilegeza nyuzi kwa nusu sauti tatu ili zisimtese. Uzi uliolegezwa hushuka sauti, na Geezer Butler, mpiga besi wa bendi hiyo, naye akalishusha gitaa lake ili kumfuata. Sauti ambayo bendi nyingi sana zimekuja kuiiga ilianza, kwa sehemu kubwa, kama njia ya mtu mmoja kuendelea na kazi yake akiwa na vidole vilivyokatwa. Mpwa wangu, ambaye kutwa nzima vidole vyake viko karibu na risasi ya moto ya kuchomelea waya, huisimulia habari hii kwa heshima kubwa, na ninaona ana haki.

Kama mwanakwaya, lililonishika zaidi ni lile ambalo watu huliita kelele, yaani mkwaruzo wa magitaa. Amplifaya ikilazimishwa kubeba sauti kuliko uwezo wake, vilele vya mawimbi ya sauti hukatwa, na kukatwa huko huzaa sauti nyingine nyingi nyembamba juu ya ile ya msingi. Ukipitisha humo kodi kamili, yaani do, mi na so zikipigwa kwa pamoja, sauti hizo za ziada hugongana na kodi hutibuka. Ndiyo maana wapigaji wa metali mara nyingi huiacha mi na kubaki na do na so peke yake. Sasa, mitetemo ya do na so iko katika uwiano wa 2 kwa 3, na amplifaya iliyozidiwa hutoa pia ile tofauti baina yake, yaani 1, ambayo ni do nyingine iliyo oktavo nzima chini ya ile anayoipiga mpigaji. Hakuna kidole kilichoibana do hiyo, lakini ipo, na unaihisi kifuani. Sisi kwenye kwaya tunaijua kwa mbali: wanaume wa sauti za tena na besi wanapokaa sawasawa kabisa juu ya do na so, kwenye ile amina ya mwisho, mara chache husikika mvumo wa chini ambao hakuna aliyeuimba, na mwalimu akiusikia hufumba macho. Kumbe kuna watu waliojenga muziki mzima juu ya mvumo huo. Tena, kwa kuwa mi ndiyo inayoamua kama kodi ni ya furaha au ya huzuni, kuiacha kunaufanya wimbo usimame mahali pasipo na jibu, hadi mwimbaji au mpigaji wa solo aje kuamua.

Baada ya jioni ile mpwa wangu alianza kunipa nyimbo kidogo kidogo, akiniangalia usoni wakati nikisikiliza. Ninaourudia kuliko wote ni "Orion" wa Metallica, bendi ya Marekani, kutoka albamu yao ya mwaka 1986. Una zaidi ya dakika nane na hauna neno hata moja. Katikati yake vishindo vyote hunyamaza, likabaki gitaa la besi la Cliff Burton likitembea peke yake kwa upole, halafu magitaa mengine yanaingia moja moja, moja likiongoza na jingine likiambatana nalo kwa sauti ya pili, kwa namna ambayo soprano na alto wangeelewana nayo mara moja. Nimekaa na penseli nikaiandika besi hiyo kwa sol-fa, na kila ninapoipitia karatasini naona ni kazi ya mtu aliyejua kusubiri. Katika nyimbo nyingine za albamu hiyo kuna magitaa ya kasi ambayo mkono wa kulia wa James Hetfield, mwimbaji na mpiga gitaa wao, huyapiga kwa kushuka tu, bila kupandisha, ili kila pigo liwe na uzito sawa. Jaribu kugonga meza kwa kiganja namna hiyo kwa dakika chache tu, utajua ni mazoezi ya kiasi gani. Burton alifariki mwaka huo huo, tarehe 27 Septemba 1986, akiwa na miaka 24, basi la bendi lilipopinduka nchini Sweden wakiwa safarini. Kwa sisi tunaoishi kando ya barabara kuu ya kwenda Tunduma, tunaoujua mteremko wa Iwambi na habari zake, jambo hilo halihitaji kuelezwa zaidi.

Hata hivyo ufundi peke yake usingenifikisha hapa. Tangu mazishi ya mama yake, kijana huyu alikuwa amepunguza maneno. Alikwenda kazini, alirudi, alikula, alinijibu kwa adabu, lakini alikuwa mbali. Sisi wakubwa tulimzunguka kwa kila tulichonacho, tukamwimbia tenzi za matumaini, tukamwambia Mungu ana makusudi yake. Siku moja nilimwuliza kwa nini anajipigia nyimbo nzito namna ile ilhali moyo wake tayari ni mzito. Alifikiri kidogo, akasema: "Mama mdogo, nyimbo za faraja zinanitaka niwe nimeshapoa. Hizi hazinidai kitu." Nimeimba kwenye misiba mingi, na sijawahi kusikia mtu akieleza kwa ufupi hivyo kile ambacho tenzi zetu, kwa uzuri wake wote, haziwezi kumfanyia mtu ambaye bado ana hasira na kifo.

Watafiti wawili wa Chuo Kikuu cha Queensland nchini Australia, Leah Sharman na Genevieve Dingle, walichapisha mwaka 2015 utafiti uliohusu wasikilizaji 39 wa muziki wa namna hii. Waliwafanya kwanza wakumbuke mambo yaliyowakasirisha, kisha wengine wakasikiliza muziki wao na wengine wakakaa kimya. Muziki haukuwazidishia hasira. Ulilingana nayo, na waliosikiliza walisema pia kwamba wamejisikia wachangamfu na wenye ari. Ni kundi dogo la watu na silifanyi kuwa hukumu ya mwisho, lakini ndicho nilichokishuhudia sebuleni kwangu.

Na kama tungekuwa wakweli, sisi watu wa nyanda hizi hatukuhitaji kuambiwa jambo hilo kutoka Australia. Godfrey Wilson, mwanaanthropolojia Mwingereza aliyeishi Unyakyusa kati ya mwaka 1934 na 1938, alichapisha mwaka 1939 maelezo marefu ya mazishi ya Wanyakyusa, na humo ameandika jinsi ngoma zilivyopigwa, vijana wakiruka na kucheza na mikuki mkononi huku wanawake wakiomboleza, na jinsi wenyewe walivyomweleza kwamba mchezo ule ni wa vita, kwa sababu moyo wa mfiwa umejaa huzuni na hofu na unatafuta pa kutokea. Ngoma haikuwa kinyume cha majonzi. Ilikuwa sehemu ya kazi ya msiba, ikafanywa na watu wazima wenye akili zao, mbele ya wazee. Wamisionari wa Kimoravian walifika Rungwe mwaka 1891, na katika vizazi vilivyofuata wengi wetu tulikua na tenzi na matarumbeta mahali pa mikuki na ngoma. Ninayapenda matarumbeta, na nikifa ningependa yapigwe. Lakini ninaposikiliza zile ngoma mbili kubwa za miguu katika wimbo wa metali, zinazopigwa kwa zamu na miguu yote miwili ya mpigaji mmoja, najua ni nafasi gani ndani yangu ilikuwa imekaa bila mtu wa kuigonga.

Matarumbeta yenyewe, nimekuja kuona, hayako mbali sana na huko. Mwimbaji wa Black Sabbath, Ozzy Osbourne, aliimba mara ya mwisho tarehe 5 Julai 2025 katika uwanja wa Villa Park mjini Birmingham, akiwa ameketi kwenye kiti kwa sababu ya ugonjwa, akiwa pamoja na wenzake watatu alioanza nao. Alifariki tarehe 22 Julai. Msafara wa mazishi yake ulipopita katikati ya mji, watu wamejipanga barabarani, mbele yake ilitembea bendi ya matarumbeta ikizipiga nyimbo zile zile nzito. Mpwa wangu alinionyesha picha hizo kwenye simu. Tulizitazama mara mbili bila kusema kitu, kisha akaanza kunisimulia juu ya mama yake, na aliendelea mpaka chakula kikapoa.

Kuhusu ushetani nitasema machache, kwa kuwa ndugu zangu wa kanisani wananiuliza kwa nia njema. Zipo bendi zinazomdhihaki Mungu waziwazi, na hizo sizisikilizi. Lakini wimbo wa Black Sabbath wa mwaka 1970 uitwao "War Pigs" unawashutumu wakubwa wanaopanga vita na kuwaachia maskini kwenda kuvipigana, na "After Forever" wa mwaka 1971, ambao maneno yake yaliandikwa na Butler, mtoto wa familia ya Kikatoliki, unamwuliza msikilizaji kama amewahi kufikiri juu ya roho yake. Zaidi ya hayo, Zaburi ya 88 huanza kwa kilio na huishia gizani, bila mstari hata mmoja wa faraja mwishoni, na hakuna aliyewahi kuiondoa katika Biblia. Ninaamini iliachwa humo kwa ajili ya watu kama mpwa wangu.

Kilichonifurahisha mno ni kugundua kwamba magitaa haya yalikuwa jirani yetu siku zote. Kutoka hapa hadi mpakani Tunduma ni kiasi cha kilometa 100, na ng'ambo ya pili, katika miaka ya mwanzo ya 1970, vijana wa Zambia, wengi wao wa miji ya migodi ya shaba, walikuwa wakipiga roki ya magitaa yanayokwaruza waliyoipa jina la Zamrock. Bendi ya WITCH, iliyoongozwa na Emmanuel Chanda anayejulikana kama Jagari, ilitoa albamu yake ya kwanza mwaka 1972. Amanaz wakatoa ya kwao, "Africa", mwaka 1975. Ndiyo miaka ambayo reli ya TAZARA yenye kilometa 1,860 ilikuwa ikijengwa kupita hapa Mbeya kwenda Kapiri Mposhi, nami hupenda kufikiri kwamba wakati mataruma yanalazwa upande huu, amplifaya zilikuwa zikiungua upande ule. Rais Kaunda alikuwa ameagiza redio ipige zaidi muziki wa nyumbani, na vijana hao wakaitumia nafasi. Baadaye bei ya shaba ilianguka, maisha yakawa magumu, na UKIMWI ukawachukua wanamuziki wengi wa kizazi kile. Jagari alibaki, na mwaka 2023 WITCH ilitoa albamu mpya iitwayo "Zango". Katika nyimbo za Zamrock gitaa ni zito, lakini ngoma zinayumba kwa namna ambayo mguu wa mtu wa huku unaitambua bila kufundishwa, na lugha mara nyingine ni Kibemba, ambacho masokoni Tunduma unakisikia kila siku. Huko kusini zaidi, Botswana, wapo mashabiki wa metali wanaovaa ngozi nyeusi kuanzia kofia hadi viatu, na bendi zao kama Wrust na Overthrust zinaheshimika. Nao Sepultura wa Brazil, kwa albamu yao ya mwaka 1996 iitwayo "Roots", walikwenda kurekodi pamoja na watu wa kabila la Waxavante kijijini kwao, na ngoma za albamu hiyo ninazipendekeza kwa yeyote anayedhani muziki huu hauna asili.

Yapo ambayo bado hayaniingii. Uimbaji wa kunguruma, ambao hutumia mikunjo iliyo juu ya nyuzi za kweli za sauti na ambao hujifunzwa kwa uangalifu ili mtu asiharibu koo, ninauheshimu kama ufundi, lakini baada ya nyimbo chache natamani kusikia maneno. Ngoma za kasi mno zisizoacha hata nafasi ya pumzi, nazo hunichosha. Nimezoea muziki unaovuta hewa mahali panapojulikana. Mpwa wangu anasema hiyo ni hatua tu na kwamba nitafika, na ameshaniwekea kwenye simu orodha ndefu ya bendi za Norway na Sweden. Tunabishana juu ya hilo karibu kila jioni akiwa na bisibisi mkononi. Yeye ananiambia niwe na subira na kelele, mimi namwambia amalize kwanza ile sabufa ya jirani, aijaribu kwa Amanaz, na aiache meza mahali ilipo.